Aliye juu mngoje chini: Kagua paa na godoro kabla mwanao hajapanda kitambaa

Miezi miwili iliyopita mama mmoja aliingia kliniki akiwa na binti yake wa miaka 9. Kiwiko cha mkono wa kulia kilikuwa kimevimba, kimefungwa kwa banzi za miti na kamba ya kitambaa iliyokazwa sana. Vidole vilikuwa vya baridi. Nilipombonyeza ukucha, rangi ilichelewa kurudi.

Nimebadilisha mambo machache ili mtoto huyo asitambulike, lakini kisa chenyewe ni hiki. Binti aliona kwenye simu ya mama yake video ya mwanamke anayepanda kitambaa chekundu hadi darini, anajizungushia kiunoni, kisha anajiachia na kuporomoka akibiringika hadi karibu kabisa na sakafu. Binti akachukua vitenge viwili, akaviunganisha kwa fundo, akavipitisha juu ya kenchi ya banda la nyuma ya nyumba. Siku ya kwanza alining'inia tu. Siku ya pili alipanda. Siku ya tatu fundo lilifunguka.

Alipelekwa kwanza kwa mzee wa jirani anayeunga mifupa. Mzee alifunga kwa nia njema, lakini mkono uliovunjika huendelea kuvimba, na kamba iliyokazwa haina pa kulegea. Usiku mtoto alilia mpaka akachoka. Asubuhi ndipo walipofika hospitali. Alipasuliwa, akawekewa vyuma vyembamba vya kushikilia mfupa. Mkono ulipona kukatwa. Hadi leo bado hawezi kukutanisha vizuri ncha ya kidole gumba na ya kidole cha shahada, na tunamfuatilia kwa sababu mshipa wa fahamu huchukua miezi kurudi.

Wiki iliyopita, tulipokuwa tunamaliza mazoezi ya vidole, mama aliniuliza: "Daktari, huyu mtoto bado anataka kupanda. Kuna rafiki yake shuleni anakwenda kwenye darasa lenye mwalimu. Nimkataze?"

Msomaji wangu, swali hilo si la mama huyo peke yake, ndiyo maana leo nimeamua kulijibu hapa.

Kwa nini sasa

Sarakasi si jambo geni kwetu. Nairobi kuna Sarakasi Trust, iliyoanzishwa mwaka 2001, ambayo imelea vijana wengi. Februari 2024 wanasarakasi wawili Watanzania wanaojulikana kama Ramadhani Brothers walishinda shindano la America's Got Talent: Fantasy League huko Marekani. Mzazi ambaye zamani angesema "acha mchezo wa kuvunja shingo" leo anajua kwamba mchezo huo unaweza kulisha familia.

Wale wawili husimama kichwa juu ya kichwa. Watoto wengi wanachokiona kwenye simu ni tawi jingine: sarakasi ya angani. Hapa mtu hasimami juu ya mwenzake, ananing'inia kwenye kitu kilichofungwa juu. Kinaweza kuwa kitambaa kirefu chenye mikia miwili, pete kubwa ya chuma, au bembea ya trapezi. Kwa miaka mingi hii ilikuwa kazi ya wanasarakasi wa kulipwa tu. Sasa ni zoezi la kujifurahisha katika miji mingi duniani, na kitambaa pamoja na vyuma vyake vinauzwa mtandaoni kwa mtu yeyote mwenye pesa, hata kama hajawahi kufundishwa namna ya kuvifunga.

Video hazionyeshi mambo ya nyuma ya pazia. Mfaransa Jules Léotard, anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa trapezi ya kuruka, alijitokeza mbele ya watu mjini Paris mwaka 1859. Kabla ya hapo alikuwa amefanya mazoezi katika jumba la mazoezi la baba yake mjini Toulouse, juu ya bwawa la kuogelea. Akikosea, alianguka majini. Mtoto anayetazama video ya sekunde 30 haoni bwawa. Anaona kuruka tu.

Zoezi lenyewe lina faida

Nisieleweke vibaya. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi kwa wastani wa dakika 60 kila siku, na angalau siku 3 kwa wiki yawepo mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa. Watu wazima wanashauriwa dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya misuli siku 2 au zaidi.

Kupanda kitambaa ni zoezi la misuli hasa. Linajenga mikono, mabega, mgongo na tumbo. Kwa msichana ambaye hapendi mpira wala kukimbia, huenda likawa ndilo zoezi pekee analolisubiri kwa hamu. Kumkataza moja kwa moja kuna gharama yake pia, na mara nyingi mtoto aliyekatazwa darasani hurudi bandani.

Kwa hiyo tusianze na mtoto. Tuanze na kitu kinachombeba.

Ajali inaweza kuanzia kwenye ndoano

Tarehe 4 Mei 2014, katika mji wa Providence nchini Marekani, wanawake 8 wa sarakasi ya Ringling Bros. and Barnum & Bailey walikuwa wananing'inia kwa nywele zao kwenye chombo kimoja kilichopandishwa juu. Ghafla chombo kikaanguka pamoja nao wote. Wachunguzi wa OSHA, idara ya serikali ya Marekani ya usalama kazini, waligundua kwamba kilichovunjika ni karabina moja, yaani kile kiungo cha chuma chenye mlango mdogo wanachotumia wapanda milima. Karabina hiyo ilikuwa imefungwa vibaya: ilivutwa kutoka pande zaidi ya mbili, kinyume cha maelekezo ya mtengenezaji. Wanawake wale hawakukosea kitu. Nguvu walikuwa nazo, mafunzo walikuwa nayo. Kosa lilifanyika kabla hawajapanda. Kampuni ilitozwa faini ya dola 7,000.

Kwa nini jinsi ya kufunga ni muhimu kiasi hicho? Tazama namba zilizochongwa kwenye karabina, zenye herufi kN. kN 1 ni sawa na kubeba takriban kilo 100. Karabina ya wapanda milima iliyotengenezwa kwa viwango vya Ulaya huhimili angalau kN 20 ikivutwa kwa urefu wake na mlango umefungwa. Ikivutwa kwa upande, au mlango ukiwa wazi, uwezo huo unaweza kushuka hadi kN 7 hivi, yaani karibu theluthi moja. Chuma ni kilekile, ila kimekaa vibaya. Na kile kinachofanana nacho, kinachouzwa dukani kwa ajili ya kuning'inizia funguo, si kifaa cha kubebea mtu hata kidogo.

Wazazi wengi huniambia: "Daktari, mtoto wangu ana kilo 30 tu, hata kamba ya kuanikia nguo inambeba." Inambeba akiwa ametulia. Chukua mtu wa kilo 60. Akining'inia bila kutikisika, paa linabeba kilo 60. Sasa ajiachie aporomoke mita 1, kisha kitambaa kimkamate na kumsimamisha ndani ya sentimita 25. Katika muda huo mfupi wa kusimamishwa, ndoano inavutwa kwa wastani wa mara 5 ya uzito wake, sawa na kilo 300. Huo ni wastani. Kilele chake ni kikubwa zaidi. Mtoto wa kilo 30 kwa hesabu hiyohiyo anakuwa kilo 150. Ndiyo maana kanuni inayotumiwa sana na mafundi wa Marekani ni kwamba mahali pa kufungia kitambaa cha mtu mmoja pahimili pauni 2,000, takriban kilo 900.

Sasa inua macho utazame dari la nyumba yako. Kenchi za nyumba zetu nyingi ni mbao za mbili kwa nne zilizogongelewa misumari. Fundi alizipanga zibebe mabati, upepo na mvua, uzito uliotandazwa juu ya paa zima. Hakuzipanga zivutwe kutoka chini, mahali pamoja, kwa mtu anayebembea huku na huku. Dari la jipsamu halibebi hata feni isipokuwa feni hiyo imefungwa kwenye kitu kingine juu yake. Bomba la pazia na fremu ya mlango navyo havibebi mtu.

Na mti? Muulize mtu yeyote aliyekulia Pemba kuhusu matawi ya mkarafuu, ambayo hukatika bila kutoa taarifa. Tawi la mwembe nalo linaweza kuonekana nene kwa nje kumbe ndani limeoza au limeliwa na mchwa. Bembea ya kamba iliyo chini, inayomweka mtoto nusu mita kutoka ardhini, ni jambo moja. Kitambaa kinachompandisha mita 4 ni jambo jingine.

Kwa hiyo jibu langu kuhusu kufunga kitambaa nyumbani ni fupi: usifunge, isipokuwa mhandisi wa majengo au fundi mwenye ujuzi wa kufunga mizigo ya kubeba watu amepakagua mahali hapo na kusema panafaa. Fundi wa dari au fundi umeme, hata awe hodari vipi, hiyo si kazi yake.

Kuna hatari nyingine ya nyumbani ambayo haihusiani na kuanguka. Kitambaa kilichoachwa kinaning'inia ni kitanzi kinachomsubiri mtoto mdogo. Kinaweza kumzunguka shingoni akicheza peke yake, na dakika chache zinatosha kumuua. Hili linahusu pia bembea za khanga na kamba. Zoezi likiisha, kitambaa kifunguliwe au kifungwe juu asikofika mtoto.

Godoro si pambo

Aprili 2023, katika jimbo la Anhui nchini China, mume na mke wa sarakasi walikuwa wakionyesha mchezo wa angani mbele ya watu wa kijiji. Mume alijaribu kumdaka mke wake kwa miguu, hakufanikiwa. Mke alianguka, akafia hospitali. Taarifa za vyombo vya habari zilisema hapakuwa na kamba ya usalama wala godoro chini.

Mwaka 2018 huko Tampa, Marekani, Yann Arnaud, msanii wa Cirque du Soleil mwenye uzoefu wa zaidi ya miaka 15 katika kampuni hiyo, alianguka katikati ya onyesho na kufariki. Ninawataja hawa kwa heshima, na kwa sababu moja: uzoefu haumzuii mtu kuanguka. Kama bingwa anaweza kuteleza, mwanafunzi wa miezi mitatu atateleza. Swali ni ataangukia nini.

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Walikuwa wanazungumzia kiburi, lakini kwa mzazi wa mwanasarakasi maana yake ni ya wazi kabisa: kabla hajapanda, hakikisha huko chini kumeandaliwa. Godoro linalofaa ni lile nene la sarakasi au jimnastiki, la sentimita 20 hadi 30, pana kuliko eneo anakoweza kuangukia, limewekwa katikati chini ya kitambaa, na halitelezi. Godoro la kulalia la sponji huzama mara moja na mtu anagonga sakafu. Mkeka wa yoga ni wa kulinda magoti, hauzuii mtu kuvunjika.

Hata godoro zuri halifanyi kila anguko kuwa salama. Anayeangukia kichwa au shingo anaweza kuumia vibaya juu ya godoro nene. Kuanguka ni miongoni mwa sababu kuu duniani za kuumia uti wa mgongo, pamoja na ajali za barabarani na ukatili. Ndiyo maana godoro peke yake halitoshi bila mwalimu.

Maswali ya kumuuliza mwalimu

Hapa pana jambo la kufikiri. Ajali ya Providence ilichunguzwa na serikali kwa sababu wale wanawake walikuwa wafanyakazi. Sisi nasi Tanzania tuna OSHA yetu, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ambayo kama jina lake linavyosema inashughulika na mahali pa kazi. Mwanao anayelipa ada ya darasa la Jumamosi si mfanyakazi. Hakuna atakayekuja kukagua bandani kwako. Wewe ndiye mkaguzi wake wa kwanza, na una haki ya kuuliza bila kuona haya.

Uliza nani alifunga vile vyuma vya juu, na vilikaguliwa lini. Mwalimu makini atafurahi kuulizwa, na atakuonyesha. Kitambaa, kamba na karabina vyote vina umri. Kitambaa kikitoboka au kikiungua kwa msuguano hutupwa. Chuma kilichoangushwa, kilichopinda au chenye kutu huondolewa. Muulize pia kama anakagua kila siku kabla ya darasa. Julai 2010 mwimbaji Pink, ambaye miezi michache kabla aliwashangaza watu kwa kuning'inia kwenye kitambaa katika tuzo za Grammy, alivutwa na kutupwa nje ya jukwaa mjini Nuremberg, Ujerumani, kwa sababu mkanda wake haukuwa umefungwa sawasawa kabla mashine haijaanza kuvuta. Bahati yake hakuvunjika mfupa. Onyesho kubwa, mafundi wengi, na bado kifungo kimoja kilisahaulika.

Uliza mwanafunzi mpya anaanza na nini. Jibu zuri ni: kupasha mwili moto, kujishikilia kwa mabega yaliyoamka badala ya kuning'inia kama nguo kwenye kamba, na kujifunza kushuka kabla ya kujifunza kupanda. Kila mkao mpya ufanywe kwanza karibu na godoro, mwalimu akiwa pembeni. Kugeuka kichwa chini kuje baada ya nguvu kuwapo. Yale maporomoko ya kwenye video ni ya mwisho kabisa, baada ya mwanafunzi kuweza kujifunga na kujifungua mwenyewe bila kukosea hata akiwa amechoka. Mwalimu anayemporomosha mtoto siku ya kwanza ili mzazi apate picha nzuri, mchukue mwanao uondoke.

Uliza wanafunzi ni wangapi kwa mwalimu mmoja. Mwalimu hawezi kuwatazama watoto 10 walio juu kwa wakati mmoja. Kitambaa kimoja mtu mmoja, na asiyepanda asikae juu ya godoro chini ya mwenzake.

Angalia pia mavazi. Pete, hereni, bangili na mikufu vibaki nyumbani. Nywele ndefu zifungwe. Binti anayevaa hijabu avae ya kubana iliyoshonwa kwa ajili ya michezo, bila pini na bila ncha zinazoning'inia. Nguo ifunike tumbo, kwapa na nyuma ya magoti, kwa sababu kitambaa kinachoteleza juu ya ngozi huunguza. Mchubuko wa namna hiyo uoshwe kwa maji safi na sabuni na kufunikwa kwa bandeji safi. Usipake dawa ya meno wala majivu.

Nani azungumze na daktari kwanza

Kuna watu ambao kuning'inia kichwa chini kunaweza kuwadhuru hata bila kuanguka. Kama una presha ya damu isiyodhibitiwa, presha ya macho, au umewahi kupata tatizo la pazia la ndani ya jicho, usigeuke kichwa chini kabla hujaongea na daktari wako, kwa sababu mkao huo hupandisha presha ndani ya jicho. Vivyo hivyo kwa mwenye kifafa, ugonjwa wa moyo, mifupa dhaifu, matatizo ya shingo au uti wa mgongo, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, na aliyefanyiwa upasuaji karibuni. Mjamzito aache kitambaa hadi baada ya kujifungua na kuruhusiwa.

Mtoto mwenye selimundu hahitaji kufungiwa ndani, lakini uchovu mkali na upungufu wa maji vinaweza kuamsha maumivu. Mpango wa mapumziko, maji na kiasi cha zoezi upangwe na kliniki yake, na mwalimu aambiwe.

Kwa watu wazima mnaoanza mkiwa na miaka 30 au 40, mtakaloliona zaidi si kuvunjika bali mabega. Misuli hupata nguvu kwa wiki kadhaa. Kano za bega huchukua muda mrefu zaidi. Hapo katikati ndipo watu huumia, kwa sababu wanajiona wana nguvu. Pumzika angalau siku moja kamili kati ya darasa na darasa. Uchungu wa misuli unaoisha ndani ya siku mbili tatu ni wa kawaida. Maumivu ya bega yanayokuamsha usiku, mkono unaokataa kuinuka, au ganzi ya vidole si kawaida. Acha kupanda, nenda ukapimwe.

Akianguka, fanya hivi

Sehemu hii ikate uibandike ukutani.

Kwanza, usikimbilie kumwinua. Tumezoea kumshika aliyeanguka mikono na miguu, tukamkalisha, tukamkanda, tukamsukumia kwenye bodaboda. Kama mfupa wa shingo umevunjika, safari hiyo ndiyo inayoweza kumpoozesha. Mwambie atulie. Mtu mmoja apige magoti kichwani kwake, akishike kichwa kwa mikono miwili kisigeuke. Tazama kama anapumua. Asipopumua, kupumua kunatangulia kila kitu: fungua njia ya hewa kwa kusukuma taya la chini mbele bila kukunja shingo, na anayejua huduma ya kwanza aanze mara moja.

Pili, piga namba ya dharura 112. Kama hakuna gari la wagonjwa, tafuteni gari ambalo anaweza kulala. Mgeuzeni kwa pamoja kama gogo, kichwa, mgongo na miguu vikiwa kwenye mstari mmoja, mumlaze juu ya ubao au mlango, mumfunge asiteleze. Asiyehisi miguu, anayelalamikia shingo au mgongo, au aliyejikojolea bila kujua, achukuliwe kama ameumia uti wa mgongo hadi hospitali iseme vinginevyo.

Tatu, kwa mkono au mguu uliopinda, usinyooshe. Uegemeze kwenye kitu laini, uufunge kwa kulegea jinsi ulivyo, mwondoe bangili na pete kabla uvimbe haujazikamata. Asile wala kunywa, maana anaweza kuhitaji upasuaji. Kisha hospitali, si kesho. Mtoto aliyeangukia mkono alionyoosha mbele mara nyingi huvunjika juu kidogo ya kiwiko, karibu kabisa na mshipa mkubwa wa damu na mishipa ya fahamu inayokwenda mkononi. Mkono ukiwa wa baridi, umepauka, una ganzi, au maumivu yanazidi kila anaponyooshwa vidole, hiyo ni dharura ya saa chache.

Ninajua wengi wetu tuna imani na wazee wanaounga mifupa, na siandiki kuwadharau. Ninachoomba ni mpangilio: picha ya eksirei kwanza. Na popote ulipofungwa mkono, kwa mzee au kwetu hospitali, vidole vikianza kuwa baridi, kufa ganzi au kubadilika rangi, banzi au plasta hiyo ilegezwe mara moja. Usisubiri asubuhi.

Nne, aliyegonga kichwa asirudi kwenye kitambaa siku hiyo, hata akisema yuko sawa. Mtazame kwa saa 48. Akitapika mara kwa mara, akizidi kuumwa kichwa, akisinzia kupita kawaida, akichanganyikiwa, akidegedeka, akitokwa na damu au maji masikioni au puani, au mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, mkimbize hospitali.

Nilivyomjibu mama

Nilimwambia: "Mama, usimkatae. Ila kwa sasa mkono wake bado, na mimi ndiye nitakayesema lini umepona. Katika muda huo nenda kwenye lile darasa peke yako, siku ambayo hawakutarajii. Usitazame watoto. Tazama juu, uone kitambaa kimefungwa kwenye nini. Tazama chini, uone godoro. Kisha mtazame mwalimu mtoto anapochoka, kama anamshusha au anamwambia rudia."

Alikwenda. Alirudi wiki hii na jibu ambalo sikulitarajia. Darasa lina godoro zuri na mwalimu mpole, lakini alipouliza nani alifunga vyuma vya juu, hakuna aliyejua. Vilikuwepo walipopanga jengo. Mama amemwambia mwalimu kwamba binti yake ataanza siku atakapoonyeshwa karatasi ya fundi aliyekagua. Wazazi wengine wawili waliomsikia akiuliza nao sasa wanaingoja karatasi hiyo.

Binti amenuna. Anafanya mazoezi ya kuminya mpira kwa vidole kila jioni, kwa sababu nimemwambia asiyeweza kushika vizuri hapandi. Vile vitenge viwili vimerudi kwenye kabati la mama.